Mtasema, mbwa wa mama

Mtasema alikufa mwezi wa saba, katikati ya baridi ile ya Kilimanjaro ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka waje walale kwetu na shuka moja. Mama alipiga simu asubuhi sana, saa ambayo simu ya nyumbani humfanya mtu akae kitandani kwanza ndipo apokee. Akasalimia. Akauliza watoto wameamkaje, joto la huko likoje, yule fundi wa paa alirudi au ndiyo kala hela. Kisha akasema, "Haya, mbwa wenu amekufa." Miaka yote alikuwa mbwa wake. Siku ya msiba akawa wetu.

Saa mbili na nusu nilikuwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za kufiwa, na imewataja wahusika: mume au mke, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, ndugu. Mbwa hayumo, na mimi si mtu wa kuandamana ili aingizwe. Ila nilikuwa nafungua faili lilelile, nalifunga, nalifungua tena. Dada wa meza ya jirani akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akacheka kidogo akidhani ni utani, kisha akaniangalia usoni akaacha. "Mbwa mbwa?" akauliza. Mbwa mbwa.

Kwetu pole ya mbwa ina namna yake. Mtu atakwambia, "Aisee, alikuwa mlinzi yule," au "Mmepata hasara kwelikweli." Hakuna anayesema alikuwa mpenzi wenu, alikuwa mwanafamilia. Zamani pole ya namna hiyo ilinikera, niliiona kavu, ya mtu anayehesabu faida hata makaburini. Sasa naona ndiyo pole inayomfaa Mtasema, na nikikusimulia alivyoishi na mama pengine utaniunga mkono.

Alikuja Marangu mwaka ule aliofariki baba. Mdogo wetu wa mwisho alimleta kutoka soko la Himo ndani ya kiroba kilichotobolewa ili apate hewa. Mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya mchanga, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama hakumpapasa. Alimfungua mdomo akaangalia meno, akamgeuza tumbo kuona kama lina minyoo, akasema, "Huyu atakaa." Akaenda kukamua ng'ombe.

Jina lilichelewa wiki kadhaa, na lilitokana na mpaka. Kwa asiyepajua kwetu: kihamba ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na mipaka yake kwa kawaida haina seng'enge. Imepandwa masale, mmea wa majani marefu ambao Wachaga wanauheshimu sana. Ndio unaolinda makaburi ya wazee, na mtu akikosa hukuletea jani la isale kuomba msamaha. Sasa baba alipokufa, masale ya upande wa mto yakaanza kutembea. Hatua moja masika, hatua nyingine vuli. Mwenye kihamba cha pili ni baba yetu mdogo, binamu yake baba, mtu wa ukoo mmoja. Na maneno yakawa yanasikika kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kwamba mjane ana makuu, kwamba watoto wote wako mjini, kwamba shamba lote lile la nini kwa mwanamke mmoja.

Mama aliijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Alishaisikia ikifafanuliwa kwenye semina, kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanaume, na kitu kama hicho mama akikisikia mara moja hakimtoki. Lakini baraza la ardhi lina foleni, na kugombana na shemeji hadharani ni aibu ya kudumu. Basi akampa mbwa jina. Kila jioni, ukungu ukianza kushuka, alisimama kwenye kona ya ua iliyo karibu na mpaka, akavuta pumzi akaita: "Mtasemaaa! Mtasemaaa!" Sauti ikavuka masale, ikapita kwenye migomba, ikaingia uani kwa baba mdogo wakati wa chakula. Angelalamika nini? Mtu anamwita mbwa wake.

Si mama aliyebuni hili. Zunguka vijijini utakutana na mbwa anaitwa Wivu, mwingine Hasidi, mwingine Tutaona. Wenzetu wa pwani husemea kanga. Sisi tunaoishi kwenye baridi, ambako kanga iko chini ya sweta na haisomeki, tunasemea mbwa.

Masale yakaacha kutembea. Sijui kama ni jina, au ni meno, maana Mtasema alikua haraka na hakuwa na mzaha na mtu anayepita gizani.

Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba. Hakufukuzwa; alijua tu. Baraza letu lina mstari ambapo saruji inakutana na udongo, na miguu yake ya mbele ilikomea hapo, mvua inyeshe au jua liwake. Hakuna aliyembeba, hakuna aliyemsemesha kwa sauti ya kitoto, na mikono iliyomgusa ilikuwa ya kumtoa kupe. Ungekuja kututembelea wakati huo ungesema hawa watu wana mbwa tu, basi.

Lakini sufuria lake lilitangulia mekoni kabla ya letu. Lilikuwa sufuria kuukuu lisilo na mfuniko, jeusi mpaka ndani ya mikunjo. Mama alichemsha maji, akatia konzi ya dagaa wa Mwanza waliovunjikavunjika, wale wanaouzwa bei ya chini kwa ajili ya kuku na mbwa, akaacha wachemke mpaka harufu ikatuudhi sote, ndipo akasonga pumba na unga kidogo. Siku ya mnada kulikuwa na utumbo au miguu ya kuku. Chumvi hapana. Kisha kilipoa, na hapo ndipo palipokuwa na kazi: alikikoroga kwa kijiti, akachota kidogo, akakigusisha nyuma ya kiganja chake, akasubiri, akagusisha tena. "Mbwa hali moto," alituambia, "mnamuua pua." Uji wetu sisi hakuna aliyeupima. Ulikunywa, ukaungua, ukajifunza.

Naye alilipa kwa kazi. Usiku mama alikuwa anamsikiliza akiwa kitandani na kujua nje kuna nini, kwa sababu Mtasema hakubweka namna moja. Nguchiro anayenyemelea banda la kuku alipata milio mifupimifupi ya kukimbia. Mtu alipata mlio wa kifuani, mzito, wa kusimama mahali pamoja. Ng'ombe akihangaika kuzaa hakubweka, alikuja kukwaruza mlango wa jikoni. Mchana alishinda na ngedere wa kando ya mto. Alfajiri za ibada aliongozana na mama kanisani, akalala nje chini ya mgrevilea na mbwa wa wajane wengine, akarudi naye. Mchungaji mmoja aliwahi kusema mimbarini kwamba angefurahi waumini wake wote wangekuwa na mahudhurio ya yule mbwa, na mama alijifanya amekasirika wiki nzima.

Desemba, tunapopanda kurudi nyumbani, kwenda "kuhesabiwa" kama watani wetu wanavyosema, alitusikia kabla gari halijakata kona ya mwisho. Mama alikuwa anatuambia kwamba kwenye siku za kawaida magari mengi yanapita na hainui kichwa. Mwaka mmoja kaka alikuja na gari jipya ambalo mbwa hajawahi kulisikia, na bado alikuwa amesimama getini. Kaka anasema ni harufu yetu iliyotangulia. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 na ya kwetu ina milioni chache tu, kwa hiyo sitabishana naye, ingawa nadhani siku hiyo alimwona mama akifagia njia akajua.

Kuhusu chanjo lazima niseme kidogo. Tangazo husomwa kanisani baada ya ibada, katikati ya harambee na ndoa za mara ya tatu kutangazwa. Siku yenyewe watoto wa kijiji kizima wanafika uwanjani wakivutwa na mbwa waliofungwa kwa kamba za katani, nyaya za umeme, hata mkanda wa suruali ya baba mtu. Mbwa wanaojuana kwa sauti za usiku tu wanakutana uso kwa uso mchana kweupe. Fujo yake huwezi kuieleza. Bwana mifugo amekaa na kasha lake la barafu, anachoma, anaandika kadi, anahubiri: ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 usipunguze, halafu hospitali, usingoje uone. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Shirika la Afya Duniani linasema mkichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakosa njia ya kupita. Aliwahi pia kutusimulia habari za Serengeti, kwamba mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa kule. Nilikuwa sijui kwamba mbwa wa kijijini anaweza kumuua simba bila hata kuonana naye.

Nilipokwenda nyumbani baada ya kifo chake nilikuwa natafuta hati fulani ya baba kwenye lile kopo la biskuti ambamo mama huweka vitu visivyotakiwa kupotea. Mna risiti za kahawa za chama cha ushirika, cheti cha ndoa, kadi zetu za kliniki tulipokuwa wachanga, za rangi iliyofifia, zenye mstari wa uzito unaopanda na kushuka. Na kadi ya chanjo ya Mtasema. Imefungwa kwa mpira uleule uliofunga zetu. Kwenye nafasi ya "jina la mmiliki" kuna jina kamili la mama, la ubatizo na la ukoo wa kwao.

Nina binamu anayeishi Ujerumani ambaye ana mbwa mwenye koti la mvua. Alipokuja likizo alituonyesha picha: mbwa kitandani, mbwa kwenye treni, mbwa akikata keki. Akatueleza kwamba kule mwenye mbwa analipa kodi ya mbwa manispaa kila mwaka. Mama akasikiliza kwa makini, akauliza, "Anayelipiwa kodi, kiwanja amepewa?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Baadaye binamu, bila ubaya, akasema tatizo letu Waafrika hatuwapendi mbwa, tunawatumia. Nilinyamaza kwa sababu ni mgeni na ni mkubwa wangu. Hapa naweza kusema.

Kwetu mtu unayempenda unampa kazi. Mtoto anayependwa na bibi ndiye anayetumwa dukani, ndiye anayepewa ufunguo wa stoo, ndiye anayeitwa usiku kushika taa ng'ombe akizaa. Asiyetumwa kitu ajiulize ana kasoro gani. Mama alimkabidhi Mtasema kuku wake, mpaka wake, usingizi wake, na maneno ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuyatamka mbele ya shemeji. Ukipima kwa kukumbatia, hakumpenda. Mimi napima kwa ile nyuma ya kiganja.

Na nikiri kwamba aliyenielewa haraka siku ile ya simu ni mtu ambaye nisingemtarajia, mzee wa idara ya hesabu, mwenyeji wa Pangani, swala tano, mtu ambaye mbwa akipita karibu hukunja kanzu. Alisikia, akaja mezani kwangu na kikombe chake cha chai. Akanitania kwanza, "Nyinyi ndio mchezea mbwa huingia naye msikitini." Kisha akakaa. Akanisimulia hadithi ya yule msafiri aliyeshuka kisimani kunywa maji, alipotoka akakuta mbwa analamba udongo mbichi kwa kiu, akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba wakamuuliza Mtume kama kwa wanyama nako kuna thawabu, akawaambia ipo kwa kila chenye ini bichi. Akaniambia pia kwamba katika Surat al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni miaka na miaka walikuwa na mbwa wao, na Qurani imemtaja hata alivyolala, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. "Sisi hatumwingizi ndani," akasema, "lakini hatukuambiwa hana nafasi." Akamaliza chai akaenda zake kufunga hesabu za mwezi.

Mbwa wa kijijini kwa kawaida hazeeki. Atagongwa kwenye lami, ataondoka na ugonjwa angali mtoto, au wezi watamtupia nyama yenye sumu siku mbili kabla ya kuja. Mtasema alirushiwa nyama hiyo mara moja na hakuigusa, kwa kuwa mkono ulioirusha haukuwa wa mama. Akafika umri ambao hatukujua mbwa anafika. Macho yakaingia ukungu wa bluu. Masikio yakaisha, akawa anabweka kwa kuchelewa, mgeni ameshakaa na ameshapewa chai ndipo mlinzi anashtuka. Nyonga zikawa ngumu; asubuhi alinyanyuka kwa awamu, mbele kwanza, anapumzika, halafu nyuma. Mama naye wakati huo magoti yalikuwa yameanza. Walikuwa wanateremka pamoja kwenda kukata majani ya ng'ombe, mwendo mmoja, hakuna anayemngoja mwenzake.

Mwezi wa sita alianza kuacha chakula. Mama akamtengenezea uji, akatia maziwa. Bwana mifugo alikuja, akamfinya tumbo, akamwinua mdomo kuangalia fizi, akasema figo zimechoka, na kama mama angependa ipo sindano ya kumpumzisha. Mama akauliza, "Ana maumivu?" Akajibiwa kwamba amechoka zaidi kuliko kuumia. "Basi na tuchoke wote," akasema mama, na hiyo ikawa habari ya sindano.

Baridi ilipozidi aliamua kumhamishia jikoni, lile jiko la nje lenye mafiga, ambako usiku majivu hukaa na moto. Akatandika magunia mawili ya kahawa. Akamwita. Mtasema akajikokota mpaka mlangoni, akafika kwenye kizingiti, akasimama. Mama akamwita tena, akampigapiga gunia kumwonyesha. Akakaa palepale, pua ndani, miguu nje, akamwangalia. Hakuingia. Hajawahi kuambiwa aingie na hakuwa na haja ya kuanza uzeeni. Mama, na magoti yake yale, akainama akamkumbatia chini ya kifua, akamnyanyua, akamvusha. Aliponisimulia alikuwa anachambua maharage na hakuinua macho. "Mwepesi," alisema. "Sikujua amekuwa mwepesi vile."

Alilala jikoni usiku chache. Alikufa kabla ya jogoo.

Sasa, shimo. Sisi wote tulikuwa mbali, na kijana wa kazi alikuwa amekwenda kwao Rombo. Mama alikuwa ameshachukua jembe na ameshachagua mahali, nyuma ya banda, kwenye mgomba uliokuwa umedhoofu, maana kwake hata maiti ya kipenzi ni mbolea na hilo haliondoi heshima. Amelima kidogo tu akasikia mtu anakohoa kwenye masale, kile kikohozi cha kuomba njia. Baba mdogo. Amevaa koti lake la mvua, ana sururu begani.

"Shemeji, hodi," akasema. "Jana sikumsikia. Na juzi."

Mama akamwambia ndiyo hivyo. Mzee akavuka mpaka, akavua koti, akalitundika kwenye mkahawa, akachimba. Alichimba kwenda chini sana, mpaka mama akamwambia inatosha, naye akasema hapana, nguchiro watamfukua. Alipomaliza akasaidia kumshusha kwenye gunia, akafukia, akakanyagia udongo kwa buti. Akapewa chai. Akiwa amekaa kwenye kigoda, kikombe mikononi, akasema, "Alikuwa na sauti, huyu." Mama akasema, "Alikuwa nayo." Wakanywa. Naapa hiyo ndiyo suluhu pekee iliyowahi kufanyika kati ya vihamba vile viwili, na halikuhitajika jani la isale.

Ngedere walichukua siku chache kuamini. Mwanzoni walikaa kwenye miti ya ng'ambo wakichungulia, halafu mmoja akashuka, halafu ukoo. Mama sasa anawafukuza kwa kupiga debe na anasema mkono unamuuma. Kaka amependekeza tununue jemani shepadi Moshi mjini, mwenye vyeti. Mama alimuuliza anakula nini, akaambiwa nyama, akamuuliza kila siku? Kila siku. "Mimi mwenyewe sili nyama kila siku," akamjibu, na kaka akaishia kumfungia taa ya sola inayojiwasha mtu akipita, ambayo mama anasema inawamulikia wezi wasijikwae.

Jike la baba mdogo limezaa, na ameshamwambia mama achague. Jumapili nilipompigia nikamuuliza kama amechagua. Amechagua, dume, kifua cheupe. Nikamuuliza ataitwaje. Akanyamaza kidogo, nikasikia kijiko kinagonga sufuria.

"Hilo ndilo linanisumbua," akasema. "Siku hizi sina ugomvi na mtu."